Shoka, Panga na Msumeno: Habari za Ukataji wa Kuni Katika Nchi ya Waha

Kuni ni jambo ambalo wanahistoria wetu wamelipita kama mgeni apitavyo jiko la mwenyeji wake: harufu ya moshi huisikia na chakula hukila, lakini ndani haingii. Vimeandikwa vitabu vya wafalme na vita, vya pembe na chumvi, vya wamisionari na magavana. Lakini chombo alichoshika mtu mkononi ili apate kuni za kupikia chakula cha watu wote hao hakikupata sura yake. Nia ya makala haya ni kusema machache juu ya chombo hicho katika nchi ya juu ya Kigoma, yaani Kibondo na Kasulu, tangu zamani za shoka la mhunzi hata siku hizi za msumeno wa mnyororo uendeshwao kwa petroli, ambao vijana huuita chenso.

Jambo lenyewe latokana na swali dogo. Mtu mwenye pori lake, au kijiji chenye msitu wake, amekwisha kuwa na msumeno mdogo wa mnyororo, naye ataka kujua kama inafaa kununua mkubwa zaidi kwa ajili ya kukata kuni. Mwenye duka atamwuliza unene wa miti yake. Ni swali la haki, wala sina ugomvi nalo. Lakini ukitazama mambo ya karne nyingi katika nchi ya Waha utaona kwamba ukubwa wa chombo cha kukatia kuni haukupimwa kwa unene wa mti hata kidogo. Ulipimwa kwa mzigo, na kwa yule atakayeuchukua. Ndilo neno ninalotaka kulieleza, na msomaji atapima mwenyewe kama ushahidi unatosha.

Kwanza nchi yenyewe. Kibondo na Kasulu ni nyanda za juu, sehemu kubwa yake yapata mita 1,200 na zaidi juu ya bahari, zikipakana na Burundi upande wa magharibi na kuteremka upande wa mashariki kuelekea mabwawa ya Moyowosi na mto Malagarasi. Zamani zilikuwa chini ya falme za Waha: Heru katika Kasulu, Muhambwe katika Kibondo, na Buyungu kaskazini yake, pamoja na nyingine ndogo. Siku hizi wilaya zimegawanyika. Buhigwe ilitolewa katika Kasulu, na Kakonko katika Kibondo, mwaka 2012. Lakini miti haikufuata mipaka ya wilaya. Pori ni la miombo: myombo wenyewe na mtundu, mninga na mkurungu, mbura na ndugu zao wengi, miti migumu iliyozoea mvua ya nusu mwaka na ukame wa nusu mwaka.

Miti hii ina tabia moja ambayo mtu asiyeijua hawezi kuifahamu historia ya kuni. Mti wa miombo ukikatwa aghalabu haufi. Mizizi yake hubaki hai, na shina hutoa machipukizi mengi, ambayo baada ya miaka huwa miti tena, ikiwa moto wa kiangazi hautayaunguza yangali machanga. Walakini si kila shina lina nguvu sawa. Shina la mti mdogo au wa makamo huchipua upesi. Shina nene la mti mzee huchipua kwa shida, na pengine halichipui kabisa. Msomaji aliweke akilini jambo hili, maana tutalirudia tutakapofika penye mashine.

Neno shoka ni la kale mno. Wataalamu wa lugha za Kibantu wameliweka pamoja na neno kuni katika maneno ya asili yaliyokuwako kabla lugha zetu hazijaachana. Na mpaka leo Mrundi asema ishoka na inkwi, na Mha hayuko mbali naye. Shoka la zamani halikuwa na tundu kama lile la dukani. Mhunzi alifua bamba la chuma lenye mkia mwembamba. Mkia ulipashwa moto ukapenyezwa katika kichwa kinene cha mpini, na kila pigo lilizidi kuukaza. Waha walikuwa na wahunzi wao, na chuma chao kiliyeyushwa kwa makaa ya miti ileile. Kwa hiyo mti ulizaa chuma, na chuma kikarudi kuukata mti. Elimu hiyo ni ya kale sana katika nchi za maziwa: Peter Schmidt na Donald Avery waliandika mwaka 1978 habari za matanuri ya Buhaya ambayo umri wake ni kama miaka elfu mbili.

Lakini shoka hilo halikuwa chombo cha kuni za nyumbani. Nasema hivi kwa sababu wageni wengi walioandika juu ya uharibifu wa misitu walidhani kwamba mwanamke mwenye kutafuta kuni ndiye mkata miti. Shoka lilikuwa la mwanamume, la kufyeka shamba jipya, kuchonga mzinga wa nyuki na kukata nguzo. Kuni za jikoni zilikuwa kazi ya wanawake na watoto, nao walitumia mkono mtupu, mundu, na baadaye panga. Waliokota matawi makavu, walivunja yaliyokufa mtini, wakayakusanya yaliyobaki shambani baada ya kufyeka. Kuni nzuri ilikuwa ile yenye unene wa mkono wa mtu, iliyokauka, isiyo na moshi mwingi, na yenye urefu wa kufungika vizuri. Mwanamke hakuwa na haja ya gogo. Angelifanyia nini? Mzigo wake ulikuwa wa kichwani, kilo ishirini au thelathini, na safari ilikuwa ya miguu. Shingo yake ndiyo iliyokuwa kipimo cha ukataji, na hapakuwa na sheria ya serikali yoyote iliyolinda miti minene vizuri kama shingo hiyo.

Pori lilikuwa na wenyewe pia. Michele Wagner, katika sura aliyoiandika ndani ya kitabu kilichohaririwa na Gregory Maddox, James Giblin na Isaria Kimambo mwaka 1996, ameeleza jinsi Waha walivyoyatazama mazingira yao, na kazi ya wateko, yaani wazee wa ardhi, waliokuwa wasimamizi wa makubaliano baina ya watu na nguvu za nchi. Yeyote aliyetaka kufungua ardhi alipaswa kupita kwao. Sitaki kuwageuza wateko wawe mabwana misitu; mambo yao yalikuwa ya ibada na ya ugawaji wa ardhi. Lakini twaweza kusema kwamba kufyeka kulikuwa na mlango, na mlango ulikuwa na mlinzi.

Mahali ambapo mzigo uliiacha shingo kwa mara ya kwanza palikuwa kusini, Uvinza. Chemchemi za maji ya chumvi za mto Ruchugi zilitumika tangu zamani mno. Uchimbuzi wa J. E. G. Sutton na Andrew Roberts, uliotangazwa mwaka 1968, ulionyesha kwamba watu walikuwa wakichemsha chumvi pale tangu karne ya tano au ya sita hivi. Richard Burton alipita nchi hiyo mwaka 1858 akielekea Ujiji, na Verney Lovett Cameron mwaka 1874, na chumvi ya Uvinza ilikuwa imekwisha kuwa na sifa pande zote za ziwa. Watu walikuja wakati wa kiangazi kutoka mbali, wakajenga vibanda, wakachota maji na kuyachemsha vyunguni mpaka chumvi ikabaki, kisha wakalipa ushuru kwa watawala wa Kivinza na kurudi kwao kabla ya mvua. Basi fikiri juu ya moto wa kukausha maji mengi namna hiyo, mchana na usiku, miezi kadhaa. Kuni za kazi hiyo hazikuwa za ukubwa wa mkono. Chungu cha chumvi hakichagui kama jungu la ugali. Chapenda gogo linalowaka polepole usiku kucha. Wala muuza chumvi hachukui kuni kwenda nazo kwao. Achukua chumvi tu, na kuni amezichoma papo hapo. Mzigo ulikuwa umebadilika umbo, na shoka likaingia katika kuni. Wazungu walipojenga viwanda vya chumvi pale, kwanza Wajerumani na baadaye kampuni ya wakati wa Waingereza, waliongeza tu moto uliokuwapo.

Utawala wa Waingereza ulileta sababu nyingine ya kukata miti, nayo haikuwa kuni. Ndorobo na ugonjwa wa malale vilienea katika mapori ya magharibi, na katika miaka ya 1930 watu wengi wa Kibondo na Kasulu walihamishwa kutoka katika makazi yao yaliyotawanyika wakakusanywa katika makazi makubwa yaliyofyekwa. Fikra hiyo ilikuwa ya wakati wake. C. F. M. Swynnerton, aliyeongoza utafiti wa ndorobo Tanganyika mpaka alipokufa katika ajali ya ndege mwaka 1938, alikuwa amekwisha kuwaongoza Wasukuma wa Shinyanga kufyeka vichaka kwa maelfu ya watu kwa siku maalum. Miti ilikatwa kwa shoka, au ilibanduliwa gome pande zote ikaachwa ikauke yenyewe. Kwa miaka michache baada ya kufyeka kuni zilikuwa tele karibu na nyumba. Kisha zikawa mbali kuliko zilivyokuwa zamani, maana watu walikuwa wamekusanyika mahali pamoja na pori limeachwa lirudi kwingine, pamoja na ndorobo wake. Hapo ndipo mwendo wa kuni ulipoanza kurefuka kwa amri.

Mfano wa ajabu kuliko wote wa wakati ule ni ule wa mpango wa karanga, ulioanza Kongwa mwaka 1947 na kufika Urambo, ambako si mbali na nchi yetu kama mtu akipima kwa ramani. Pale mnyororo mzito ulifungwa baina ya matingatinga mawili, yakaenda sambamba, na miti iliyokuwa katikati ikaangushwa pamoja na mizizi. Mpango ulikufa baada ya miaka michache, na hasara yake imesimuliwa mara nyingi. Mimi nautaja kwa jambo moja: ndiyo mara ya kwanza katika nchi hizi mti uliangushwa na chombo kisichojali kabisa unene wake, na mti wenyewe haukuwa kuni wala mbao. Ulikuwa takataka ya kuchomwa.

Baada ya Uhuru watu walikusanywa tena. Operesheni Kigoma ya mwaka 1972 ilikuwa miongoni mwa za mwanzo katika kuhamishia wananchi wa mkoa mzima katika vijiji. Faida zake na hasara zake zimejadiliwa na wengine. Shule na zahanati zilikuwa karibu, mashamba na kuni zikawa mbali. Vijiji vilijengwa kando ya barabara, na barabara ndiyo njia ya lori. Hilo lilikuwa jambo dogo mwaka 1972. Halikubaki dogo.

Tarehe 21 Oktoba 1993 Rais Melchior Ndadaye wa Burundi aliuawa, na mamia ya maelfu ya Warundi wakavuka mpaka katika majuma yaliyofuata. Tarehe 28 na 29 Aprili 1994 Wanyarwanda wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kwa muda wa siku moja hivi, wakaingia Ngara, kaskazini ya Kibondo. Mwaka 1996 wakaja Wakongo. Yakatokea makambi ambayo majina yake sasa ni sehemu ya historia ya Buha: Kanembwa, Mtendeli, Nduta, Karago na Mkugwa upande wa Kibondo, Mtabila, Muyovosi na Nyarugusu upande wa Kasulu. Yalifungwa moja baada ya jingine, Mtabila mwishoni mwa mwaka 2012. Lakini mwaka 2015 machafuko ya Burundi yaliwaleta watu tena, hata Nyarugusu ikapita watu 150,000, na Nduta na Mtendeli zikafunguliwa upya. Mtendeli ilifungwa tena mwaka 2021.

Mgeni alipewa mahindi na maharage makavu, chakula ambacho hakiliki bila moto wa saa nyingi. Kuni hakupewa, au alipewa kidogo. Hesabu si ngumu: tukikadiria kwamba mtu mmoja hutumia kilo moja na nusu kwa siku, kambi ya watu 50,000 huchoma tani 75 kila siku ya Mungu, sikukuu na siku ya maombolezo. Katika makambi ya mkoa wa Kagera, wakati wa wingi wa watu, Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira lilitaja zaidi ya tani 1,200 kwa siku. Na vyombo vilikuwa vilevile: panga na mkono. Kwanza zilikwisha kuni kavu, kisha matawi, kisha miti midogo yenye unene wa paja. Miti minene ilisimama peke yake kama nguzo za nyumba iliyoezuliwa, kwa sababu panga haikuiweza na shingo haikuweza kuichukua. Mwenye kupita kando ya kambi aliona ukiwa mkubwa. Lakini mizizi ilikuwa hai chini yake, na mashina yalikuwa membamba.

Ukiwa ulio mkubwa zaidi ulikuwa wa watu. Mkimbizi alikatazwa kutoka zaidi ya kilomita nne nje ya kambi, na kuni zilikuwa zimekwisha ndani ya kilomita nne. Mwanamke alichagua baina ya sheria na chungu, akachagua chungu. Taarifa ya Human Rights Watch ya mwaka 2000 juu ya wanawake wa Kirundi katika makambi ya Tanzania ilieleza kwamba wengi walishambuliwa na kunajisiwa walipokuwa nje wakitafuta kuni. Na mwezi wa Mei 1999, karibu na Mtendeli, kundi kubwa la wanaume liliwashambulia wanawake wengi kwa pamoja, wakilipiza kisasi kwa watu ambao hawakuwa na kosa lolote. Wanawake wa vijiji vya Waha nao waliona njia zao za kuni zikiwa ndefu na mapori yao yakiwa ya kugombaniwa. Katika Dadaab, nchini Kenya, mradi wa kugawa kuni ulianza mwaka 1998 kwa sababu ya maovu hayohayo. Nimeyataja haya kwa kuwa ndiyo hoja yenye nguvu kuliko zote kwa upande wa mashine, wala haifai kuificha. Kama kuni zaletwa kwa lori mpaka mlangoni, mwanamke hatoki. Na kuni za lori hazikusanywi kwa panga.

Hivyo twafika penye msumeno wa mnyororo. Asili yake ni ya ajabu kidogo: mnyororo wenye meno ulitumiwa kwanza na waganga wa Scotland, John Aitken na James Jeffray, mwishoni mwa karne ya kumi na nane, kwa kukatia mifupa ya watu. Mashine ya kukatia miti ni ya Wajerumani wa miaka ya 1920. Emil Lerp alijaribu ya petroli juu ya mlima Dolmar mwaka 1927; Andreas Stihl alikuwa ametoa ya umeme mwaka 1926, na ya petroli mwaka 1929 ikiwa na uzito wa kilo 46, mzigo wa watu wawili. Mnyororo wenyewe ulikuwa duni mpaka Joseph Cox, mkata miti wa Marekani, alipomtazama funza wa mbao akitafuna gogo kwa taya mbili, moja kushoto na moja kulia, akauiga mwendo wake. Jino lake la mwaka 1947 ndilo baba wa meno tunayoyatumia leo. Mwaka 1950 Stihl ilitoa msumeno wa petroli wa kuchukuliwa na mtu mmoja. Tangu hapo kazi ya mafundi imekuwa kupunguza uzito na kuongeza nguvu.

Sasa mtu anaposema msumeno mkubwa, asema vitu viwili ambavyo huchanganywa: upanga mrefu na injini kubwa. Upanga mrefu juu ya injini ndogo ni udanganyifu; mnyororo husota, injini hulia, na mti hauliki. Injini hupimwa kwa sentimita za ujazo. Iliyo ya 45 au 50, yenye upanga wa sentimita 40 hivi na uzito wa kilo tano au pungufu, yatosha kwa mti wowote ambao mtu wa kawaida ataupasua kwa ajili ya jiko, na kwa kukata kutoka pande zote mbili inaweza kushinda gogo lenye unene ukaribiao mara mbili ya upanga wake. Zile za 70 na kitu, kama Stihl 381 yenye 72, ni za watu wa msituni wanaokata kutwa. Za 90 na zaidi, na ile ya zamani iitwayo 070 yenye 106, zimependwa katika nchi za joto kwa sababu moja kubwa, nayo si kuni. Hutumika kupasulia mbao palepale mti ulipoangukia, mahali pa wale wapasuaji wawili wa zamani, mmoja akisimama juu ya gogo na mwenzake shimoni akipokea vumbi machoni.

Ugumu wa miombo huongeza matatizo yake. Mti uliokauka ukiwa umesimama ni mgumu kama mfupa, na mchwa huujaza udongo ndani. Jino la msumeno likigusa udongo huo hupoteza makali mara moja. Mwenye mnyororo butu hudhani kwamba injini yake ni ndogo. Nadhani nusu ya watu wanaotamani msumeno mkubwa wanahitaji tupa nzuri na subira ya kuitumia. Lakini tupa haina fahari, na wanaume wa nchi zote hupenda fahari.

Tufanye hesabu ya gogo. Gogo la unene wa sentimita 60 na urefu wa mita nne lina zaidi kidogo ya mita moja ya ujazo, kadiri ambayo hutajwa mara nyingi kuwa ni kuni za mtu mmoja kwa mwaka mzima. Likiwa bichi lina uzito wa karibu tani moja. Sura yake ya mkato ni kubwa mara tisa kuliko ya mti wa sentimita 20, na hapo ndipo injini kubwa huonyesha faida yake: mikato tisa au kumi, na gogo limekuwa vipande vya kuketia. Lakini vipande hivyo havijawa kuni bado. Havikauki upesi, haviingii jikoni, wala hakuna mwanamke atakayekitwika kimojawapo. Lazima vipasuliwe, na msumeno haupasui vipande hivyo kwa faida. Shoka larudi, na kabari yake, na mwenye kulishika. Na kadiri msumeno ulivyo mkubwa, ndivyo mwenye shoka alivyo na kazi nyingi nyuma yake. Kisha yatakiwa baiskeli, au mkokoteni, au lori. Kwa maneno mengine, anayenunua msumeno mkubwa kwa ajili ya kuni amenunua pia, ajue asijue, mtu wa shoka, chombo cha kuchukulia, na mnunuzi mwenye moto mkubwa wa kutosha kula magogo.

Wanunuzi wa namna hiyo wako. Mabani ya kukaushia tumbaku hupenda gogo nene liwakalo usiku kucha, kama vyungu vya Uvinza vilivyopenda. Matanuri ya matofali hali kadhalika. Na majiko ya shule za bweni yenye masufuria ya watoto mia kadhaa. Hao ndio waliompa msumeno wa mnyororo mahali katika kuni. Jiko la nyumbani halikumwita. Na hapa ile tabia ya miombo niliyoitaja mwanzoni yarudi na deni lake. Panga la kambini liliharibu pori kwa kelele na aibu, lakini lilikata miti ile ambayo huchipua vizuri. Msumeno mkubwa hupita kimya baada ya saa moja ya ngurumo, hutwaa mti mmoja mzee hapa na mwingine kule, pori likabaki kijani machoni mwa mpita njia. Lakini mti uliotwaliwa ndio wenye shina lisilochipua, ndio uliomwaga mbegu, na aghalabu ndio ule ambao mfuga nyuki alitundika mzinga wake. Sijui uharibifu upi utasamehewa kwanza.

Kwa hiyo, mwenye pori la Kasulu au Kibondo akiniuliza, nitamwuliza kwanza kuni zake zinakwenda kwa nani. Kama ni za nyumba yake na jirani zake, au kama ana shamba la mikaratusi aliyoipanda mwenyewe na kuivuna ikiwa na unene wa paja, msumeno wa sentimita za ujazo 50 umemzidi tayari, na hasara ya mkubwa ataiona kila jioni mgongoni, katika petroli na oili, na katika vidole vinavyokufa ganzi kwa mtikisiko. Kama ni za bani na tanuri, mkubwa utamlipa, kwa kibali, kwa miaka kadhaa; na hesabu ya miaka hiyo yafaa aifanye kwa kuhesabu miti minene iliyosimama, wala si kwa kuhesabu ekari. Kama ana mninga au mkurungu ulioanguka kwa upepo, aazime msumeno wa mpasua mbao kwa siku moja, amrudishie.

Mwezi wa Mei 2024 serikali ilizindua mkakati wa nishati safi ya kupikia, wenye shabaha ya kwamba ifikapo mwaka 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wakipika kwa nishati hiyo. Na taasisi zenye kulisha watu wengi ndizo zilizoamriwa kutangulia kuacha kuni na mkaa. Amri hiyo ikitimia katika nyanda za Kigoma, atakayekosa mnunuzi kwanza ni mwenye msumeno mkubwa, maana majiko makubwa ndiyo yaliyokuwa yakila magogo yake. Mwanamke mwenye panga atakuwa wa mwisho kuifikia mitungi ya gesi, kama ilivyo kawaida ya mambo ya barabarani kufika mashambani. Na huko njiani, kati ya mashina ya Makere na mabonde ya Muhambwe, bado ataokota tawi kavu lenye unene wa mkono wake, na kulipima kwa shingo yake.